Hati, Shaka na Dharura: Polisi Anaweza Kukupekua Wakati Gani?

Kila unapofanyika msako mkubwa mijini, ujumbe ule ule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: askari hana ruhusa ya kukugusa wala kuingia kwako mpaka akuonyeshe hati iliyosainiwa na hakimu. Chini yake hakosekani mtu wa kujibu kwamba hayo ni mambo ya sinema, kwamba hapa kwetu polisi ni polisi, akitaka kupekua anapekua na kesi inaishia hapo. Wote wawili wamekosea. Kosa la yule wa kwanza ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linamfanya mtu abishane mlangoni akidai haki ambayo sheria haikumpa, huku zile alizopewa akiziacha zipite bila kuzitumia.

Makala haya yanahusu Tanzania Bara, ambako mambo haya yanaongozwa hasa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985. Zanzibar ina sheria yake. Namba za vifungu nitakazozitaja ni za toleo la mwaka 2019, na matoleo ya baadaye yanaweza kuzipanga upya, kwa hiyo msomaji ashike zaidi maudhui kuliko namba. Tukumbuke pia kwamba kwa miaka mingi sheria hii ilisomeka kwa Kiingereza tu, na ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipopitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wananchi waliokuwa wakiijua sheria hii kwa kusimuliwa hawawezi kulaumiwa sana kwa kuisimulia vibaya.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Kusimamishwa ni kuzuiwa kwa muda mfupi ili uulizwe jambo au ukaguliwe kitu kilicho wazi. Mwendesha bodaboda anayeombwa leseni amesimamishwa tu. Kupekuliwa kunaanza pale askari anapotafuta kitu ambacho macho yake hayakioni, yaani anapoingiza mkono mfukoni, anapofungua buti ya gari, anapovuta droo ya kabati. Kukamatwa ni kunyimwa uhuru wa kuondoka kwa sababu unatuhumiwa kwa kosa. Kukamatwa kwa mali ni pale kitu kilichopatikana kinapochukuliwa na polisi ili kiwe kielelezo.

Hatua hizi hufuatana mara nyingi, lakini moja haibebi nyingine. Fikiria mgeni anayekuja nyumbani. Aliyekaribishwa barazani hajakaribishwa sebuleni, na aliyeketi sebuleni hana idhini ya kuingia chumba cha kulala na kuinua godoro. Kila mlango una ruhusa yake, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo sababu inavyotakiwa kuwa nzito. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake, pamoja na "heshima na hifadhi ya maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi." Ibara hiyo hiyo inaruhusu sheria kuweka utaratibu wa namna na kiasi ambacho hifadhi hiyo inaweza kuingiliwa. Sheria ya mwenendo wa jinai ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya utaratibu huo.

Ufunguo wa sheria nzima ni wazo moja ambalo nitaliita shaka yenye msingi. Sheria haimdai askari awe na uhakika, kwa sababu mwenye uhakika hana haja ya kupekua. Lakini haimruhusu kushuku kwa sababu tu moyo wake umemtuma. Mwenye duka anayeona kopo la maziwa halipo tena kwenye rafu, huku mteja aliyekuwa amesimama hapo koti lake limetuna upande mmoja na anaharakisha kutoka, ana shaka yenye msingi. Akimdhania mteja mwingine kuwa mwizi kwa sababu amevaa ndala zilizokatika, hiyo ni dhana tu. Tofauti ya wawili hao ni kwamba shaka ya kwanza inaweza kuelezwa kwa mtu wa tatu naye akaielewa: niliona hiki, nikasikia kile, ndiyo maana nikafikiri hivi. Ya pili haina cha kueleza isipokuwa sura ya mtu, mavazi yake au mtaa anakotoka.

Kwa kipimo hicho, kifungu cha 25 kinamruhusu askari kusimamisha, kupekua na kuzuia gari au chombo cha majini ikiwa kuna sababu ya kushuku kwamba ndani yake kuna mali iliyoibwa au iliyopatikana isivyo halali, na vivyo hivyo mtu anayeshukiwa kwa sababu za msingi kuwa na mali ya namna hiyo. Kwa njia hii askari hahitaji hati, wala ya hakimu wala ya mtu mwingine. Hapa ndipo ujumbe wa WhatsApp unapoanguka mara ya kwanza.

Lakini hapa hapa madereva wengi nao huchanganya mambo mawili. Trafiki anaposimamisha gari ili kuangalia leseni, bima au hali ya matairi, anatumia sheria ya usalama barabarani, ambayo haimtaki akushuku kwa lolote. Ukaguzi huo haugeuki wenyewe kuwa ruhusa ya kumwaga mizigo ya abiria barabarani. Ili kuufungua mfuko wa abiria, lazima kuwe na kitu kingine: harufu, taarifa, maelezo yanayopingana, gari linalofanana na lile lililotangazwa kuibwa. Abiria wa basi anayeuliza, "Samahani afande, naomba kujua mnatafuta nini kwenye mzigo wangu?" hajavunja sheria yoyote. Na askari mzuri huwa na jibu la swali hilo kabla halijaulizwa.

Njia ya pili ya kupekua bila hati ni dharura, iliyomo katika kifungu cha 42, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Askari anaweza kumpekua mtu, au kuingia kwenye eneo, nyumba, chombo au gari, endapo anaamini kwa sababu za msingi kwamba kufanya hivyo ni lazima ili kitu kinachohusiana na kosa kisipotee wala kuharibiwa, na endapo mazingira yenyewe ni mazito na ya haraka kiasi cha kutoruhusu kungoja hati. Sharti la kwanza likiwepo na la pili likakosekana, hakuna dharura mbele ya sheria. Mtu anayekimbizwa na kuingia nyumbani akiwa na begi ameleta dharura hadi mlangoni. Polisi waliopewa taarifa jana asubuhi, wakapanga safari, wakajaza mafuta, wakangoja usiku uingie ndipo wagonge mlango, walikuwa na muda wa kutosha kuandikiwa karatasi moja. Mahakama ya Rufani imelisema hili zaidi ya mara moja: walio na taarifa mapema na nafasi ya kutafuta hati hawawezi kujificha nyuma ya neno dharura.

Sasa tuje kwenye hati yenyewe, na hapa huwa naona watu wengi wakishangaa. Kifungu cha 38 kinampa mamlaka mkuu wa kituo cha polisi. Akiridhika kwamba kuna sababu za msingi za kushuku kuwa ndani ya nyumba, chombo, sanduku au mahali fulani kuna kitu kilichohusika na kosa, au kitakachotoa ushahidi wa kosa, au kinachokusudiwa kutumika katika kosa, na kwamba kuchelewa kungefanya kitu hicho kihamishwe au kiharibiwe, ama kungehatarisha maisha au mali, anaweza kupekua mwenyewe au kumpa askari aliye chini yake idhini ya maandishi ya kufanya hivyo. Kwa maneno mengine, karatasi halali ya upekuzi inaweza kuwa imetoka kituoni bila kupita kwa hakimu. Mwenye nyumba anayeikataa kwa sababu haina mhuri wa mahakama anakataa hati ambayo sheria inaitambua.

Mtu anaweza kuuliza, kama ni bwana polisi anayemwandikia bwana polisi mwenzake, ulinzi wa raia uko wapi? Ni swali la haki, na mimi binafsi naona sheria ingekuwa imara zaidi kama hakimu angekuwa mlangoni badala ya kuja nyuma. Hata hivyo yupo: mkuu wa kituo aliyetoa idhini anatakiwa kuripoti kwa hakimu mapema iwezekanavyo kwamba aliitoa, kwa sababu gani, na upekuzi ulizaa nini. Kwa upande wa saa, kifungu cha 40 kinasema hati inatekelezwa kati ya macheo na machweo, siku yoyote ya wiki, na anayetaka kuitekeleza nje ya muda huo anapaswa kuomba ruhusa ya mahakama. Mlango unaogongwa saa nane za usiku kwa hati ya kawaida unafungua pia swali la kisheria. Kanuni za kudumu za Jeshi la Polisi lenyewe, zinazojulikana kwa kifupi PGO, katika agizo la 226, zinakataza askari kuingia kwenye nyumba ya mtu bila hati au bila mamlaka mahususi ya kisheria. Kwa hiyo anayedai utaratibu anakumbusha kanuni ambazo polisi wamejiwekea wenyewe.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, karatasi iliyo muhimu kuliko zote kwa mwananchi ni ile inayoandikwa mwishoni, baada ya upekuzi. Kifungu cha 38 kinamtaka askari aliyechukua kitu atoe risiti ya kukiri kwamba amekichukua, yenye sahihi ya mwenye nyumba au mkazi wake, au ndugu wa karibu, au mtu aliyekuwa akiangalia mahali hapo, pamoja na sahihi za mashahidi wa upekuzi kama wapo. Katika utendaji hujazwa hati ya ukamataji mali, na mahakama mara kadhaa imekubali kwamba hati hiyo ikijazwa na kusainiwa ipasavyo inafanya kazi ya risiti.

Niliwahi kuitwa kuwa shahidi wa namna hiyo, mtaa niliokuwa nimepanga zamani. Ilikuwa magharibi, taa za umeme zimekatika, chumba cha jirani kinamulikwa kwa tochi za simu. Mjumbe wetu, mzee aliyevaa msuli na koti, alisimama mlangoni na kabla askari hawajaingia akasema kwa upole, "Wanangu, tuonyesheni mikono na mifuko kwanza, halafu muingie na sisi tukifuata." Wakaonyesha. Hakuna aliyekasirika. Wakapekua kitu kimoja baada ya kingine huku mwenye chumba akitazama, na mwishoni askari mmoja akaandika kwenye goti lake: redio moja nyeusi, antena imevunjika, simu mbili, moja kioo kimepasuka upande wa kushoto. Orodha ilichukua mistari mitatu na fomu ilikuwa na mistari minane. Mzee akaomba kalamu, akachora mshazari mmoja kuanzia mstari wa nne mpaka chini, ndipo akasaini, na mimi nikasaini chini yake.

Ule mshazari wa mzee unaeleza kwa nini sheria inang'ang'ania sahihi na mashahidi. Hofu kubwa ya watu wetu kuhusu upekuzi ni kubambikiwa: kitu ambacho hakikuwepo kionekane kimetoka uvunguni mwa kitanda chako. Shahidi huru, awe mjumbe, mwenyekiti wa mtaa au jirani asiye na ugomvi na yeyote, anamlinda mwenye nyumba dhidi ya hilo, na anamlinda pia askari mwadilifu dhidi ya kusingiziwa kwamba amebambika. Ukipekuliwa una kila sababu ya kuomba shahidi wa namna hiyo aitwe, kuomba wanaopekua waoneshe mikono yao kwanza, na kusimama pale unapoona kinachofanyika chumba hadi chumba.

Kuhusu kusaini, kuna imani mbili zinazopingana na zote zina kasoro. Wengine husema ukisaini umekiri kosa. Haiko hivyo, kwa sababu kukiri kosa kuna utaratibu wake. Wengine husema saini tu, ni karatasi ya kawaida. Nayo si kweli. Mahakama ya Rufani imewahi kuichukua sahihi ya mshtakiwa kwenye hati ya ukamataji mali kuwa uthibitisho kwamba vitu vilivyoorodheshwa vilikutwa kwake. Kwa hiyo soma kila mstari kabla ya kusaini, na asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi. Ikiwa orodha ina kitu ambacho hakikutoka kwako, sema hivyo kwa sauti mashahidi wasikie, na omba pingamizi lako liandikwe pale pale karibu na sahihi.

Kwa wanawake sheria imesema wazi na kwa ufupi: mwanamke akihitaji kupekuliwa atapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Kifungu cha 26 hakina ubaguzi wa mchana au usiku, wala wa mjini au shamba. Kama kwenye doria hakuna askari wa kike, basi aitwe au mtu apelekwe aliko.

Na simu? Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na vijana. Askari anakusimamisha, anasema, "Fungua simu tuone." Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 31, inampa mkuu wa kituo, au ofisa wa chombo cha sheria wa ngazi inayofanana, uwezo wa kutoa amri ya kupekua au kuchukua kifaa pale anaporidhika kwamba kuna sababu za msingi za kuamini kuwa kinaweza kuwa ushahidi wa kosa au kimepatikana kwa kosa. Kosa lazima liwepo, na amri lazima iwepo. Wapo wanaosema kifungu cha dharura kinatosha. Hoja hiyo naiona ina nguvu katika kuichukua simu ili isivunjwe au kufutwa, lakini inakuwa dhaifu katika kuisoma, kwa sababu simu ikishakuwa mkononi mwa polisi, haraka imekwisha na muda wa kuomba amri umepatikana. Kupitia picha na jumbe za mtu aliyekaa kijiweni kwa lengo la kuona kama kuna lolote ni kutafuta shaka ndani ya upekuzi, wakati sheria inataka shaka itangulie.

Askari wasiovaa sare nao wapo kihalali, na si kila aliyevaa fulana ni tapeli. Kuomba kitambulisho chake cha kazi na jina la kituo anakotoka ni jambo la kawaida. Ukishawekwa chini ya ulinzi, kifungu cha 53 kinamtaka askari asikuhoji kabla ya kukutajia jina na cheo chake, na kabla hujaelezwa, kwa lugha unayoielewa vizuri, kwamba uko chini ya ulinzi na kwa kosa gani. Wapo pia mgambo, ambao sheria ya mwaka 1975 iliwapa mamlaka ya kukamata. Wao hawana vituo vya kumshikilia mtu, na wanayemkamata anapaswa kufikishwa polisi.

Je, ukiona upekuzi hauko sawa, uuzuie? Kwa mikono, hapana. Kumzuia askari kutekeleza kazi yake ni kosa linalojitegemea, na linaweza kukutia hatiani hata kama hicho walichokuwa wakikitafuta hakikupatikana. Pingamizi la upekuzi lina mahali pake, na mahali hapo si kizingitini. Malalamiko dhidi ya askari hupelekwa kwa wakubwa wake, kuanzia mkuu wa kituo na wa wilaya hadi kamanda wa mkoa, au kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Pingamizi dhidi ya kitu kilichopatikana kwa upekuzi mbovu hupelekwa mahakamani.

Hapo napo kuna dhana ya kurekebisha, kwamba ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria hutupwa moja kwa moja. Kifungu cha 169 kinasema pingamizi likitolewa, mahakama haitaupokea ushahidi huo isipokuwa iridhike kwamba kuupokea kutakuwa na faida mahususi na kubwa kwa umma bila kuumiza isivyostahili haki za mtu yeyote. Mahakama hupima uzito wa kosa, uzito wa ukiukwaji uliofanywa na kama ushahidi ule ungeweza kupatikana kwa njia halali, na mzigo wa kuishawishi uko kwa anayetaka upokelewe. Kwa hiyo upekuzi wenye dosari ndogo unaweza kupita, na ule uliofanywa bila hati, bila dharura na bila shahidi unaweza kuiangusha kesi nzima kwa sababu kielelezo ndicho kilichokuwa kimeishikilia.

Lakini pingamizi hilo lina wakati wake, na wengi huupoteza kwa kutojua. Mwendesha mashtaka anapoinua kile kielelezo au ile hati na kuomba kipokelewe, hakimu humgeukia mshtakiwa na kumuuliza kama ana pingamizi. Swali hilo ni fupi, na mtu asiye na wakili, amechoka, hajui kinachoendelea, mara nyingi hujibu, "Sina, mheshimiwa," akidhani anaonyesha heshima na kwamba yake atayasema zamu yake ya kujitetea itakapofika. Hapo ndipo pa kusema kwamba hakuonyeshwa hati, kwamba shahidi hakuitwa, kwamba upekuzi ulifanywa saa nane za usiku, kwamba mistari mitano ya chini haikuwa imeandikwa wakati anaweka sahihi yake.